Marehemu mume wangu kaandikiwa na mabelifu kwa tiketi za parking, na aliyeegesha ni mimi (London)

mama_nasra

Assalam alaykum na habari zenu nyote. Samahanini itakuwa ndefu, hapa nyumbani kila ninayemuuliza analia kabla sijamaliza kueleza.

Mume wangu alifariki tarehe 18 Februari mwaka huu, hapa hapa London, moyo. Alilazwa siku sita tu. Nimekaa eda yangu miezi minne na siku kumi, nimetoka mwisho wa Juni. Muda wote ule barua zikija zenye jina lake sifungui. Sijui niwaeleze vipi, nikiona bahasha ina jina lake mkono unakufa ganzi. Nilikuwa nazitia kwenye mfuko wa Tesco nautundika nyuma ya mlango wa stoo. Shemeji yangu ndo alohangaika na kusajili kifo, mazishi, benki, na mie nikajua yote yameisha.

Sasa wiki hii imekuja bahasha nyengine, hii ina maandishi mekundu mpaka inaonekana kwa nje, nikaogopa nikafungua. Mabelifu. Kwetu tungesema madalali wa mahakama. Inasema bwana fulani, ambaye ndo marehemu, anadaiwa paundi 280 na kitu, alipe kabla ya tarehe fulani la sivyo watafika nyumbani kuchukua mali.

Nikaumwaga ule mfuko kitandani. Barua kumi na moja. Kumbe ni tiketi mbili za parking za kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa (siitaji ipi, sitaki maneno). Kila moja ilianza paundi 130, na ungelipa ndani ya wiki mbili ingekuwa 65. Ikaja barua ya kwa mwenye gari, hakuna aliyejibu. Ikaja nyengine imepanda 195. Ikaja ya mahakama ya Northampton, na mie Northampton sijawahi kukanyaga. Moja ndo hii ishafika kwa mabelifu, ya pili imesimama hapo kwenye ya mahakama.

Na kinachoniuma ni hiki. Tiketi zote mbili niliegesha mie. Ya kwanza tarehe 13, walinipigia simu kwamba amehamishiwa chumba cha mahututi, parking ya hospitali imejaa, nikaiacha gari mtaa wa nyuma kwenye sehemu za wakaazi nikakimbia. Tiketi niliikuta kwenye kioo nikaitupa kwenye droo ya gari, hata sikuisoma. Ya pili tarehe 19, siku ya pili yake, tulikwenda na Nasra kuchukua vitu vyake. Miwani, simu, makubadhi. Hatukukaa hata nusu saa. Yeye wakati huo yuko mochwari, na wao wanamwandikia kosa la kuegesha.

Mama mkwe kasema kutoka Unguja nilipe leo leo, deni la maiti halichezewi. Shemeji kasema nisitoe hata senti, maiti hapigwi faini. Mie nipo katikati. Deni hili linanihusu? Watachukua vitu vya watoto? Na nikisema kweli kwamba nilikuwa mimi, litahamia kwangu?

---

Kijana_wa_Mbezi

Pole sana dada, Mungu amlaze mahali pema. Sheria za huko sizijui ila huku Bongo ushauri ungekuwa lipa yaishe, maana huku deni linafuata gari. Ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki yanatoka madeni yote, elfu thelathini thelathini kila kosa, unapewa kontroli namba basi. Mfumo haujui nani alikuwa kwenye usukani wala haujui kama mwenye kadi yupo hai. Sisi tulirithi Noah ya mzee, siku tunataka kuiuza mnunuzi anaangalia kwenye simu yake palepale anatugeuzia kioo cha simu, aibu tupu, mzee wa watu alikuwa akipigwa tochi kila akienda Morogoro na hajawahi kumwambia mtu.

---

sheni84

Pole mama Nasra. Kuna fomu unajaza unasema ile barua ya kwanza HUKUIPATA, mambo yote yanarudi mwanzo. Rafiki yangu kafanya hivyo mara mbili. Sema posta ilipotea, nani atakupinga?

---

mpwani_luton

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole dadangu.

Nilifanya kazi ofisi ya parking ya kaunsili moja miaka sita, si hiyo yako, na nilikuwa naketi upande wa wale wanaojibu barua. Kwa hivyo nisikize mimi halafu hao wengine uwasikize baadaye. Na wewe sheni usimpoteze mwanamke wa watu.

Kwanza, usilipe leo. Sisemi usilipe kabisa, nasema si leo, na usimlipe belifu kabla hujaongea na kaunsili. Belifu ametumwa tu, deni ni la kaunsili, na kaunsili ina ruhusa ya kuifuta tiketi wakati wowote, hata ikiwa kosa lilifanyika kweli, hata ikiwa karatasi zishafika Northampton. Watu wengi hawajui hili, wanadhani ikishapita mahakamani imekwisha. Northampton pale hakuna hakimu aliyekaa akamhukumu mumeo. Ni kituo cha kusajili madeni ya parking ya Uingereza na Wales, karatasi zinaingia kwa maelfu na kompyuta zinapiga muhuri. Hakuna aliyejua kwamba mtu huyu amefariki. Hakuna aliyeuliza.

Sasa kwa nini hawakujua ilhali shemeji alisajili kifo? Alipokwenda kusajili bila shaka alipewa namba ya ile huduma ya Tell Us Once. Ile inapeleka habari kwa watu wa kodi, pensheni, pasipoti, DVLA (ofisi ya serikali inayosajili magari), na hata kaunsili yenyewe lakini kwa mambo kama kodi ya nyumba. Ofisi ya parking haimo. Sisi tulikuwa ghorofa moja na watu wa kodi ya nyumba, tunakunywa chai pamoja, na wao wanajua fulani amekufa na sisi tunaendelea kumtumia barua. Ndivyo ilivyo.

Deni ni la nani. Tiketi ya kaunsili haimtafuti dereva, inamtafuta mwenye gari aliyeandikwa DVLA. Si kama kamera ya spidi ya polisi ambapo unatumiwa karatasi umtaje aliyekuwa akiendesha. Hapa hata ukimtaja hawana pa kumwandika. Kwa hivyo kusema kweli kwamba uliegesha wewe hakukutii hatarini, na kunasaidia, kwa sababu kunaeleza kwa nini gari ilikuwa pale. Mwenye deni akifa, deni linabaki kwenye mali aliyoacha. Halihamii kwa mke kwa sababu ni mke. Mabelifu wanaruhusiwa kushika mali ya mdaiwa tu, kwa hivyo TV yako, vitanda vya watoto, simu yako, hivyo si vyake na hawana haki navyo. Gari ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa ilikuwa kwa jina lake. Hao jamaa wana magari yenye kamera za kusoma namba, wakiiona barabarani wanaifunga mnyororo kwanza maswali baadaye. Itoe barabarani.

Tiketi ya tarehe 19 mimi naona nyepesi. Mtu aliyefariki tarehe 18 hawezi kuwa mwenye gari tarehe 19. Cheti cha kifo peke yake kinatosha kumaliza hilo. Ya tarehe 13 ni ngumu kidogo kwa sababu alikuwa hai na gari ni yake, ila angalia tarehe ya ile notisi ya kwa mwenye gari. Huwa hawaitumi mpaka siku 28 za tiketi zipite, kwa hivyo lazima ilitoka katikati ya Machi. Alishazikwa. Hiyo ndiyo hoja yako: mtu huyu hakupata hata nafasi moja ya kujibu, siku ambayo sheria ilimpa nafasi hakuwa duniani.

Waandikie barua pepe ofisi ya parking, leo. Fupi. Namba za tiketi zote mbili, namba ya gari, tarehe ya kifo, picha ya cheti cha kifo, barua au karatasi ya hospitali inayoonyesha alilazwa lini. Sema uliegesha wewe na kwa nini. Omba mambo mawili, wawarudishe nyuma mabelifu na wafute. Halafu nakala ya ile ile watumie mabelifu, na uandike kwamba umefiwa karibuni. Hili neno lina uzito, kuna viwango vya kitaifa vya hawa watu vya mwaka 2014 na aliyefiwa karibuni ametajwa ndani kwa jina kati ya watu wa kuchukuliwa kwa uangalifu, pamoja na wazee, wagonjwa, waja wazito, na hata wasiojua Kiingereza vizuri. Wakishaambiwa hivyo wanatakiwa wasimame waiulize kaunsili. Kama hawakusimama, unayo karatasi.

Na wakija kabla mambo hayajatulia usiwafungulie mlango. Kwa deni la parking hawana ruhusa ya kuvunja. Wanaingia kwa mlango uliowafungulia wewe au ulioacha wazi, wala si usiku wa saa tatu mpaka asubuhi saa kumi na mbili. Ongea nao kupitia dirishani, waonyeshe cheti kwenye kioo. Waeleze na watoto, maana watoto ndio hukimbilia mlango. Belifu akifika tu mlangoni deni linaongezeka zaidi ya paundi mia mbili juu ya zile walizokwisha kuongeza kwa kuandika barua, ndio maana nasema barua pepe ni leo si kesho.

Fomu anayosema sheni ipo, TE9, na kama umechelewa inakwenda pamoja na TE7. Lakini ile ni tamko la kweli, chini yake unatia sahihi, na kudanganya mle ni kuidharau mahakama. Na wewe huna haja ya uongo dadangu. Barua zilifika nyumbani, aliyeandikiwa hakuzipata kwa sababu amekufa. Andika hivyo hivyo. Ila anza na kaunsili, fomu iwe mfukoni.

---

sheni84

Sawa mkubwa nimekubali, nilikuwa natania nusu. Rafiki yangu kweli hakupata ile ya kwanza, ya pili ndo sijui.

---

mama_nasra

mpwani_luton Mungu akuzidishie. Nimesoma mara tatu. Nimemsomea na shemeji, akasema si nilikwambia, na yeye hakuniambia lolote katika haya.

Nimeangalia, notisi ya kwa mwenye gari ina tarehe 17 Machi. Siku hiyo nakumbuka kwa sababu ilikuwa Ramadhani na watu waliniletea futari wakakuta sikupika kitu. Kumbe na hii ilikuwa imeshakuja chini ya mlango.

Barua pepe naandika usiku huu. Kiingereza changu cha kuandikia wazungu si kizuri, Nasra atanisaidia ila ana miaka kumi na nne, sitaki yeye ndo awe anaandika neno "marehemu" mara kumi. Kuna mtu anaweza?

---

mpwani_luton

Nitumie inbox, nakuandikia. Ficha namba ya nyumba. Na cheti kama mlichukua nakala moja tu msiiachie posta, picha inatosha.

---

UstadhMtaani

Wa alaykum salaam mama Nasra, Allah amrehemu na akupe subra. Mimi si mufti, ni msomaji tu, lakini naona mama mkwe ameingia kwenye mjadala bila kuwepo nami nataka nimsemee kidogo.

Anachosema kina asili. Tumefundishwa roho ya muumini imefungika na deni lake mpaka lilipwe, na kwa mpangilio wa mirathi deni linatoka kabla ya wasia na kabla mrithi yeyote hajagusa kitu, likitanguliwa na mazishi tu. Na hata sheria ya hapo mlipo kama sikosei inaanza na mazishi vilevile.

Lakini kabla ya kuuliza nani alipe deni la marehemu, tuulize kama ni deni la marehemu. Yeye hakuegesha. Hakukuambia uegeshe pale. Alikuwa amelala na mipira puani. Mbele ya serikali karatasi ina jina lake, sawa, serikali inaangalia karatasi. Mbele ya Mola wako, kilichofanyika tarehe 13 ni chako wewe, na udhuru wako Yeye anaujua. Kwa hiyo mwambie mama kwa adabu kwamba hakuna kilichomfunga mwanawe hapa. Kaunsili ikifuta, imekwisha, mdai amesamehe. Ikikataa ile ya kwanza, lipa kwa pesa yako na usiitoe kwenye mali ya mirathi, maana humo mna haki ya watoto na ya mama yake pia.

---

dada_zai

Pole shoga yangu. Mie niko Leicester, mume wangu alitangulia miaka mitatu sasa, haya ya barua nayajua. Mie nilikuwa natia kwenye oveni! Naam, oveni, kwa sababu sikuwa nikipika. Siku mwanangu anawasha apashe piza tulikaribia kuunguza nyumba.

Nataka kuongeza kitu kwa wengine wanaosoma. Zangu mie zilikuwa za parking ya duka, kampuni binafsi, na zile si sawa na hizi za kaunsili ingawa karatasi zinafanana makusudi. Kampuni binafsi haiwezi kukuletea belifu mpaka ikushitaki kwanza na ishinde mahakamani. Wanaokuandikia ni wakusanya madeni tu, barua zao zina kelele lakini hawana mamlaka ya kugusa kitu. Mie niliwatumia cheti cha kifo mara moja, wakajibu na pole, na sikuwasikia tena. Kwa hiyo kabla ya kuogopa, tazama juu ya karatasi nani ameandika.

Halafu mama Nasra, gari iko wapi saa hizi na nani anaendesha?

---

mama_nasra

Dada Zai umenichekesha na oveni, sijacheka muda.

Gari iko uani kwa shemeji tangu mwezi wa nne. Mwanawe huwa anaiwasha, na mwezi uliopita alikwenda nayo kazini siku mbili tatu, mie nikaona kheri isife betri.

---

dada_zai

SUBHANALLAH. Mwambie aiache leo. Bima ilikuwa ya nani? Kama ilikuwa ya marehemu na wewe umeandikwa kama dereva wa pili, akifa mwenye bima mara nyingi na bima imekufa, hata wewe dereva wa pili huna kitu. Na rodi taksi (kodi ya barabara) ile Tell Us Once ikishapeleka jina DVLA inakatwa, inabidi mtu mwengine aiandikishe na ailipie kwa jina lake. Huyo kijana alikuwa anaendesha gari isiyo na taksi na labda haina bima. Akikamatwa si kaunsili tena hiyo, ni polisi.

Madhali iko uani na si barabarani, mtangaze DVLA kwamba haitumiki, SORN wanaita, ni bure. Usipofanya hivyo na gari haina bima inakuja faini nyengine, hii sasa haina marehemu ndani yake.

---

mpwani_luton

Dada Zai ana haki, mimi nilisahau kuuliza hilo. Kitabu cha gari (V5C) jaza sehemu ya mwenye mpya, kata kile kijikaratasi cha kijani ubaki nacho, kingine chote tuma DVLA kule Swansea pamoja na barua ya kueleza uhusiano wako na marehemu, tarehe ya kifo, na mabaki ya taksi yalipwe kwa nani. Wana kitengo chao cha mambo haya, si dirisha lile la kawaida. Ukikosa kitabu kuna fomu V62.

Swali la pembeni na unisamehe, ndoa yenu ilisajiliwa? Kuna wadada wengi hapa wana nikaha ya msikitini tu na sheria ya Uingereza haiwatambui kama wake, mume akifa bila wasia wanajikuta hawana jina kwenye chochote.

---

mama_nasra

Tulioana Unguja, cheti cha ndoa ninacho. Shemeji aliuliza wakamwambia ndoa ya huko ikiwa sahihi huko na hapa inakubalika.

---

mpwani_luton

Basi vizuri. Kama hakuacha wasia, kwa sheria ya hapa vitu vyake vya binafsi, na gari imo, ni vya mke. Mgawanyo wa kidini mtaumaliza wenyewe na Ustadh.

---

Kijana_wa_Mbezi

Dah. Kumbe huko mtu akifa kuna kazi kuliko ya kufa. Nafuta ushauri wangu wa lipa yaishe, ila naomba mtu wa trafiki wa huku asome huu uzi.

---

mama_nasra

Nimerudi, wiki ya tano hii. Wengi mmeniuliza inbox, naandika mara moja.

Mabelifu walijibu siku ile ile, mstari mmoja, wamesimamisha wanasubiri kaunsili. Hakuja mtu mlangoni. Kaunsili ilikaa kimya wiki mbili na nusu, nikawapigia, nikazungushwa na muziki wa simu dakika arubaini, nikampata kijana mmoja mwenye sauti ya upole ambaye aliniuliza "naomba kuongea na bwana fulani mwenyewe" nikamwambia na mie ningependa. Akanyamaza. Nadhani baada ya pale ndo alolisogeza faili.

Ya tarehe 19 wamefuta kabisa na wameandika samahani. Ya tarehe 13 hawakufuta. Wameitoa kwa mabelifu, wameondoa zile gharama zote za mahakama na za nusu juu, wameirudisha paundi 65 kama vile tiketi imeandikwa jana. mpwani_luton aliniambia naweza kushikilia wafute na hiyo, hoja ninayo, pengine ningeshinda.

Nimelipa. Kwa kadi yangu. Shemeji kakasirika, anasema nimekubali kosa. Nimekubali ndio, niliegesha pahala pa watu. Kama ningekuwa na akili siku ile ningetafuta pengine, sikuwa nayo. Niliomba risiti iandikwe jina langu, yule kijana akasema mfumo hauruhusu, jina ni la mwenye gari wa tarehe ile. Imekuja na jina lake. Bahasha hiyo niliifungua mwenyewe, nimekaa kwenye ngazi.

Mama mkwe nimempigia nikamwambia limelipwa, akauliza kwa pesa ya nani, nikasema yangu, akanyamaza halafu akaniuliza kama nakula.

Kitabu cha gari kimerudi kwa jina langu. SORN nimefanya. Mtoto wa shemeji kanyang'anywa funguo na baba yake, hasemi na mie.

---

dada_zai

Mama mkwe huyo mshike vizuri. Na gari utaifanya nini?

---

mama_nasra

Nauza. Siwezi kuingia mle, kiti cha dereva bado kimesogezwa nyuma alivyokaa yeye, hata nilipokuwa naendesha mie siku zile sikukisogeza, nilikuwa nafikia pedali kwa ncha ya mguu. Yaris ya 2012, petroli, mambo ya ULEZ (tozo ya London kwa magari yanayochafua hewa) haina, maili elfu tisini na kidogo. Kama kuna mtu London au karibu anaitaka aje inbox, ila bei sina haraka nayo na kukopesha sikopeshi.

---

sheni84

Naja inbox.